Sura ya Sita: Lenzi Mbili Uso kwa Uso

Mgomba ukishachanua, ua lake dume huning'inia chini ya mkungu na kuangusha maganda yake ya zambarau moja baada ya jingine. Kila ganda hudondoka pamoja na vijiua vilivyokuwa chini yake, na kwenye kikonyo hubaki safu ya makovu yenye upana wa milimita chache. Kwa muda makovu hayo huwa mabichi, yenye utomvu. Nyuki, nyigu na inzi wa matunda, waliovutwa na nekta ya ua, hutembea juu yake, na mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa anaweza kuacha hapo bakteria wa mnyauko. Mkungu uliokuwa ukinenepa vizuri huiva kabla ya wakati, na ukizipasua ndizi zake unakuta nyama ya kahawia.

Kwa upande wa Kongo, ugonjwa huo ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika teritwari ya Masisi mwaka 2001, mwaka uleule ulipotambuliwa Uganda. Ethiopia walikuwa wameueleza tangu 1968, kwenye enseti, mmea ulio ndugu wa mgomba. Rwanda iliupata 2005, na Kagera, Tanzania, 2006. Katika nyumba nyingi za Kivu mgomba ni chakula, ni pombe ya kasiksi ya kuuza, ni ada ya shule, kwa hiyo hili si suala la wataalamu peke yao. Nimelichagua kovu la ua dume liwe kiini cha sura hii kwa sababu ndilo kitu ninachotamani zaidi msomaji wa Masisi au Walikale aweze kukipiga picha: ni kidogo mno kwa kamera ya kawaida, kinaonekana kwa shida kwa macho matupu, na maisha ya shamba zima yanakitegemea.

Kamera ya simu ikikisogelea hushindwa kushika fokasi, au huonyesha doa la kahawia tu. Lenzi ya makro iliyonunuliwa kwa kazi hiyo hufika kwa kawaida ukuzaji wa 1:1, yaani kitu cha milimita 5 huchora picha ya milimita 5 kwenye sensa. Kwa kovu letu hiyo ni picha nzuri, lakini bado huoni utomvu unavyokusanyika kwenye ukingo, wala nywele za mguu wa nyuki aliyesimama hapo. Tunahitaji mara 3, mara 4, pengine mara 5. Njia ya kufika huko kwa gharama ndogo ni kuchukua lenzi mbili za kawaida, kubakiza moja kwenye kamera, na kuifunga ya pili mbele yake ikiwa imegeuzwa, uso kwa uso na ya kwanza.

Lenzi ya kawaida imeundwa ipokee kitu kikubwa kilicho mbali na kukichora kidogo nyuma yake. Kilima kizima cha Masisi, na ng'ombe wake na malisho yake, kinaingia katika kipande cha sensa cha milimita 22. Ukiigeuza lenzi hiyo, kazi nayo hugeuka. Weka kovu mahali ambapo filamu au sensa ingekaa, na mwanga wake utapita kwenye lenzi ukitokea upande wa mbele kama miale sambamba, sawa na mwanga wa kitu kilicho mbali kabisa. Lenzi kuu iliyobaki kwenye kamera, ikiwa imewekwa kwenye alama ya umbali usio na kikomo, huipokea miale hiyo kama inavyopokea mwanga wa nyota, na kuikusanya kwenye sensa. Kila lenzi inafanya kazi iliyoundiwa. Ndiyo maana picha inaweza kuwa kali kuliko watu wanavyotarajia kutoka kwa lenzi mbili kuukuu zilizounganishwa kwa pete.

Hadubini nyingi za kisasa za maabara zimejengwa kwa kanuni hiyohiyo: lenzi ndogo iliyo karibu na kitu hutoa miale sambamba, na lenzi nyingine ndani ya mrija huikusanya. Kwenye hadubini za Nikon za aina hiyo, lenzi ya mrija ina urefu wa fokasi wa milimita 200. Hesabu yake ndiyo hesabu yetu. Gawanya urefu wa fokasi wa lenzi kuu kwa ule wa lenzi iliyogeuzwa. Milimita 200 kwa 50 ni mara 4. Milimita 100 kwa 50 ni mara 2. Ukigeuza lenzi ya milimita 28 mbele ya 200 unapata zaidi ya mara 7, na hapo kila pumzi ya upepo inakuwa dhoruba. Nakushauri uanze na 50.

Lenzi ya 50 si lazima iwe mpya. Iliyo bora kwa kazi hii ni ile ya enzi za filamu, yenye pete ya kuzungusha kitundu kwa mkono, ambayo huenda imelala kwenye droo ya studio ya picha za pasipoti tangu studio ilipohamia kamera za dijitali. Haijalishi ni ya kampuni gani, kwa sababu haifungwi kwenye kamera yako. Inashikwa kwa nyuzi zake za filta. Angalia mambo mawili tu: kioo kisiwe na kuvu, na kitundu kiwe kinafunguka kabisa. Lenzi mpya zisizo na pete ya kitundu zina tabia tofauti zikivuliwa kwenye kamera. Za Canon hubaki wazi, na hiyo inatufaa. Nyingi za Nikon zisizo na pete hujifunga hadi kitundu kidogo kabisa, na inabidi kijiti chake cha nyuma kishikiliwe ili kifunguke.

Lenzi kuu yaweza kuwa zoom ya bei nafuu ambayo waandishi wengi wa habari tayari wanayo, kwa mfano Canon ya milimita 55 hadi 250. Upande wake wa mbele una nyuzi za milimita 58. 50 nyingi za zamani za Nikon zina nyuzi za milimita 52. Kwa hiyo unahitaji pete ya kupunguza kutoka 58 kwenda 52, na pete fupi ya kuunganisha yenye nyuzi dume pande zote mbili. Pete hizo ndizo kifaa pekee cha kununua, na bei yake ni ndogo. Ukizikosa kabisa, lenzi mbili zinaweza kuunganishwa kwa utepe mpana, ila mhimili wake uwe umenyooka; ukipinda kidogo, upande mmoja wa picha utakuwa na ukungu.

Kabla ya kufunga, zima fokasi ya otomatiki. Mbele ya zoom nyingi za bei nafuu huzunguka wakati wa kutafuta fokasi, na injini ndogo iliyomo haikuundwa kubeba lenzi nyingine. Weka lenzi zote mbili kwenye umbali usio na kikomo. Fungua kitundu cha lenzi iliyogeuzwa hadi mwisho. Halafu acha kamera idhibiti kitundu cha lenzi kuu kama kawaida, na hapa ndipo uunganishaji unapoishinda ile njia nyingine ya kufunga lenzi iliyogeuzwa moja kwa moja kwenye kamera: vipimo vya mwanga, flashi na kitundu vyote vinaendelea kufanya kazi.

Ukitazama na kuona pembe nyeusi, kama unachungulia kupitia bomba, ongeza zoom. Chini ya milimita 100 weusi huo ni wa kawaida. Karibu na 200 kwa kawaida hutoweka. Wakati mwingine hurudi ukikifunga sana kitundu cha lenzi kuu, na kila jozi ina tabia yake, kwa hiyo piga picha ya karatasi nyeupe katika kila kitundu, uzitunze zikuongoze.

Kuna mpaka mmoja unaofaa kuujua mapema. Lenzi ya 50 yenye kitundu cha f/1.8, ikigeuzwa kwa ukuzaji wa mara 4, haiwezi kukupa kwenye sensa mwanga zaidi ya ule wa takriban f/7.2, yaani 1.8 mara 4. Ukiiweka lenzi kuu kwenye f/5.6 ukitumaini mwanga zaidi, hupati kitu. Anza na f/8. Ukienda f/16 kina kinaongezeka, lakini mwanga unaopita kwenye tundu dogo hutawanyika ukingoni, hali ambayo fizikia huiita difraksheni, na ukali tulioutafuta kwa juhudi zote hizi unaanza kulainika. Kati ya f/8 na f/11 ndipo ninapopenda kukaa.

Kwa mara 4, kwenye sensa ya Canon ya milimita 22.3 kwa 14.9, eneo linaloonekana ni milimita 5.6 kwa 3.7 tu. Kovu moja linajaza picha. Kina kinachoonekana kikali kwa f/8 ni kama milimita 0.02, sehemu ndogo ya unene wa unywele. Zoezi zima la ukuzaji mkubwa linasimama juu ya tarakimu hiyo. Huwezi kuzungusha pete ya fokasi na kutarajia nafuu. Fokasi inatafutwa kwa kusogeza kamera yote, au kitu chenyewe, mbele na nyuma. Umbali nao haubadiliki: kovu litakuwa kali likiwa kama sentimita 4 na nusu kutoka kwenye kitako cha lenzi iliyogeuzwa, kwa sababu hapo ndipo filamu ilipokuwa ikikaa.

Kitako hicho sasa kinatazama dunia. Kioo cha nyuma, ambacho siku zote kilijificha ndani ya kamera, kiko wazi kwa vumbi la barabara ya Sake na kwa utomvu wa mgomba, na utomvu huo ukikauka hautoki kirahisi. Chukua kifuniko cha nyuma cha lenzi, kata sehemu yake ya kati, ukifunge hapo. Kinakuwa ngao na kivuli kwa pamoja.

Mwanga ndio unaotenganisha picha ya kuonyesha na picha ya kufuta. Jua la saa sita likipiga kwenye kovu bichi hutoa vimulimuli vyeupe vinavyoficha kila kitu. Asubuhi ya ukungu, ambayo upande wa Kingi na Kilolirwe si adimu, inatoa mwanga laini lakini hafifu mno kwa ukuzaji huu. Jibu ni flashi iliyolainishwa. Iweke karibu na kitu, na kati ya hivyo viwili weka kipande cha plastiki nyeupe cha dumu la maziwa au karatasi ya kuokea, kikubwa kadiri nafasi ya sentimita 4 inavyoruhusu. Kadiri plastiki inavyokaribia kovu ndivyo vimulimuli vinavyogeuka kuwa mng'ao mpana, na utomvu unaonekana kuwa na umbo. Flashi ikiwa imepunguzwa hadi 1/16 ya nguvu yake, mmweko wake kwa kawaida ni mfupi kuliko 1/5000 ya sekunde. Huo ndio unaosimamisha mtikiso wa mkono na wa kikonyo. Kasi ya kamera yenyewe, 1/160 au 1/200, inabaki kuzuia tu mwanga wa nje usiingie sana.

Shambani, kwa mara 2, unaweza kushika kamera mkononi ukiegemea shina. Kwa mara 4 kikonyo lazima kishikiliwe: fito mbili zilizochomekwa ardhini na kufungwa kwa kamba ya mgomba zinatosha. Inashawishi kulikata ua na kwenda nalo nyumbani kwenye meza iliyotulia. Usifanye hivyo kwa mgomba unaoushuku. Ua lenye bakteria likibebwa kwenye mfuko wa pikipiki hadi kijiji kingine, mpiga picha amekuwa msafirishaji wa ugonjwa. Mwombe ruhusa mama mwenye shamba, piga palepale, kisha safisha mikono, fito na chochote kilichogusa utomvu kabla ya kuingia shamba la pili.

Picha nzuri ya kovu lenye afya huonyesha ukingo ulioanza kukauka na kuwa wa kahawia na katikati penye unyevu. Kwenye mgomba mgonjwa unaweza kukuta majimaji mazito, ya rangi ya maziwa hadi manjano hafifu. Bakteria wenyewe hutawaona. Wana urefu wa takriban mikromita moja au mbili, na jozi ya lenzi zetu haifiki huko. Kwa hiyo picha haitoi hukumu ya maabara. Inachofanya ni kumwonyesha mkulima kwa nini anaambiwa aling'oe ua dume mara tu chane ya mwisho inapotokea, na kwa nini aling'oe kwa kijiti chenye panda badala ya kisu. Kijiti hulivunja ua bila chuma kugusa jeraha, na baada ya hapo hakuna ganda jingine la kudondoka wala kovu jipya la kumkaribisha mdudu. Maelezo hayo yametolewa kwa maneno kwa miaka mingi. Mtu akiona kwenye kioo cha kamera nyuki amesimama juu ya jeraha, tumbo limegusa majimaji, maneno yanapata mahali pa kushika.

Mbinu ya kupanua kina ni kupiga picha nyingi, kila moja ikiwa imesogea kidogo, na kuziunganisha kwenye kompyuta ili sehemu kali ya kila moja ibaki. Programu za Helicon Focus na Zerene Stacker zinafanya hivyo kwa malipo. CombineZP ya Alan Hadley ni ya bure. Kwa f/8, hatua iwe ya milimita 0.015, na kitu chenye kina cha milimita 1 kitahitaji picha kama 65 au 70. Kwa mdudu aliye hai haiwezekani, na sipendi ushauri wa kumwua ili atulie. Kwa kitu kisicho na uhai inawezekana kabisa, hasa ukipata mwili wa hadubini kuukuu ya shule iliyokwisha vioo. Skrubu yake ya fokasi ndogo kwa kawaida husogeza kama milimita 0.2 kwa mzunguko mzima, na hakuna reli ya kamera ya bei nafuu inayofikia utulivu huo. Weka kitu juu ya meza yake, kamera ielekee chini, na uzungushe kidogokidogo.

Punje za madini zinapendeza sana hapo. Koltani ya Rubaya, Masisi, na kasiteriti ya Bisie, Walikale, iliyogunduliwa 2002 na ambayo kampuni ya Alphamin ilianza kuchimba kibiashara 2019, zinazungumzwa duniani kwa tani na kwa vita. Umoja wa Mataifa umekadiria kwamba Rubaya peke yake hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Waasi wa M23 waliutwaa mji huo mwishoni mwa Aprili 2024. Watu wachache wameitazama punje yenyewe. Kwa mara 4 unaona mistari sambamba kwenye uso wa fuwele nyeusi, na kwenye kasiteriti mng'ao mkali unaohitaji plastiki nyeupe pande zote ili usiunguze picha. Usiende mgodini na kamera kwa ajili ya hili. Tafuta punje iliyo na karatasi halali kwa mfanyabiashara anayekuamini au katika mkusanyiko wa mawe ya kufundishia. Na usidanganyike kwamba picha inasema bei: kiasi cha tantalamu hupimwa kwa mashine ya eksirei, si kwa jicho, hata likiwa na lenzi mbili.

Hili la kufanya kazi juu ya meza lina thamani yake ya pekee katika nchi yenye vita. Kamera barabarani huuliza maswali, na mwenye kuishika hulazimika kuyajibu. Aombe ruhusa kwa shefu wa lokalite hata kama anakwenda kupiga picha ya ua. Lakini picha ya kovu haina uso wa mtu, haina kituo cha askari, haina njia. Mtu aliyekimbia Masisi akiwa na begi la kamera anaweza kuendelea na kazi hii katika chumba kimoja cha Goma.

Kitu cha mwisho ninachotaka kikae chini ya lenzi hizi ni panga. Kwenye miinuko ya juu maambukizi kupitia wadudu hupungua, na chombo cha shamba ndicho kinachobeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Kata mgomba, acha panga likauke kidogo, kisha litazame kwa mara 4. Makali unayoyaona laini yamejaa mikwaruzo ya tupa, mifereji iliyolala upande mmoja, na ndani yake utomvu umekauka kama varnishi ya kahawia. Kulifuta kwa jani huondoa ulio juu na kuacha ulio ndani ya mifereji. Chuma hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi, kwa hiyo plastiki iwe kubwa na panga liinamishwe mpaka mikwaruzo ionekane kama matuta.

Piga kwanza kipande cha rula ya shule chenye milimita zake, bila kugusa zoom, ili picha zote zinazofuata ziwe na kipimo. Halafu piga panga likiwa na utomvu, lipitishe motoni hadi lishindwe kushikika, liache lipoe, na upige mahali palepale. Katika mikutano ya wakulima wanaofundishwa kukata shina lililougua peke yake na kuacha mengine, ambako kila mkato hudai chombo kisafi, picha hizo mbili zikiwa zimewekwa ukubwa sawa zinaeleweka bila msimamizi. Picha ya pili haithibitishi kwamba bakteria wamekufa, kwa kuwa hata ile ya kwanza haikuwaonyesha. Kwa hiyo chini yake andika panga lilikaa motoni kwa muda gani, na kama ni jiki iliyotumika badala ya moto, andika ilichanganywa na maji kiasi gani.